Pakacha la Maembe Lililonitia Haya Matinyani

Kwetu pwani mtu haendi ugenini mikono mitupu. Ndiyo maana mwezi wa Desemba uliopita, nilipoalikwa na rafiki yangu wa siku nyingi kwenda kwao Matinyani, katika nchi ya Kitui, nilimpandisha kijana juu ya mwembe wa uani kwetu, ule alioupanda marehemu babu yangu, nikajaza pakacha zima la ngowe na kushika njia. Mke wangu alinicheka sana. Aliniambia kwamba kumpelekea Mkamba maembe mwezi wa Desemba ni sawa na kupeleka chumvi Gongoni. Nilimjibu kuwa embe la Kitui ni embe, sikatai, lakini embe la kwetu lina nasaba. Kumbe nasaba hiyo ndiyo iliyokuja kunitia haya mbele ya watu.

Siku hizi safari ya Kitui si ya kuzunguka Machakos kama zamani. Ukishuka Kibwezi waikamata barabara ya lami iendayo Ikutha na Mutomo, wauvuka mto Athi, na kabla ya magharibi umo mjini Kitui. Nilisali katika msikiti wa mjini, nikalala, na asubuhi nikapanda matatu ya Matinyani. Pakacha nililipakata kama mtoto mchanga. Harufu ya ngowe ilijaa garini, na kila abiria aliyeingia alinitazama kwa tabasamu. Nami, Mola anisamehe, niliona fahari.

Matinyani si mji mkubwa. Ni soko, safu za maduka, shule, makanisa, vijana wa bodaboda waliojipanga kivulini, na miembe. Miembe iko kila mahali: nyuma ya maduka, kandokando ya njia, uwanjani mwa shule, penye kituo cha matatu. Mingi yake haikupandwa na mtu. Msafiri alikula embe, kokwa akalitupa, mvua ya Novemba ikalikuta, na baada ya miaka watu wakajikuta wana baraza ya bure. Chini ya mwembe mmoja mkubwa hapo sokoni ndipo watu husubiri gari, hupatana bei ya mbuzi, na husuluhisha magomvi. Sisi wenye vibaraza vya mawe tungeuita ule mwembe kibaraza chao.

Mama wa rafiki yangu alinipokea kwa mikono miwili. Ni bibi wa makamo makubwa, mwenye miembe zaidi ya thelathini shambani kwake, na watu wote pale humwita Mwaitu, yaani mama. “Karibu, mwanangu,” aliniambia, na pakacha likawekwa mbele yake. Nilisubiri nisifiwe. Badala yake akachukua embe moja, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga, akalibonyeza kwa kidole gumba, kisha akaagiza kisu na sinia. Alilipasua. Ndani ya nyama ile ya dhahabu mlikuwa na funza weupe, na walipopigwa na hewa wakaanza kurukaruka juu ya sinia mfano wa bisi katika kikaango.

“Mwanangu,” alisema bila ya ukali wowote, “umetuletea na wageni wengine.”

Alizipasua zote. Nusu karibu zilikuwa na wageni. Wajukuu wakaambiwa wachimbe shimo, nami nikasimama pembeni nikitazama nasaba ya babu yangu ikifukiwa dhiraa moja chini ya ardhi. Pakacha lenyewe lilitiwa moto.

Ndugu msomaji, nimeanza na aibu yangu kwa sababu aibu hiyo ndiyo historia yenyewe kwa ufupi. Nzi aliyekuwamo katika ngowe zangu si nzi wa kwetu. Aligunduliwa katika nchi hii mwaka 2003, na mahali alipogunduliwa ni hapa hapa pwani. Asili yake ni Asia. Mwaka 2005 wataalamu walidhani ni jamii mpya wakampa jina lenye maana ya mvamizi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, ikabainika kuwa ni yule yule anayejulikana huko Mashariki kwa jina la kitaalamu Bactrocera dorsalis. Kufikia mwaka 2004 alikuwa ameshaonekana mpaka Benin na Senegal, upande wa pili wa bara hili. Mdudu huyu ana mbawa, ndiyo, lakini si mbawa za kumfikisha Senegal kwa mwaka mmoja. Aghalabu husafiri kama alivyosafiri nami: ndani ya tunda, kwenye kikapu cha mtu mwenye nia njema.

Maembe tangu zamani yalikuwa na nzi wake wa kienyeji, na wazee wa pwani na wa Ukambani wanamjua. Lakini huyu mgeni ana kiburi zaidi. Jike hutoboa ganda la embe ambalo halijaiva sawasawa, akatia mayai chini ya ngozi, na kwa nje usione ila kidoa kama ncha ya sindano. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa. Funza hula nyama kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, embe likaoza na kuanguka. Nao hutoka, wakajichimbia udongoni, wakajifunga ndani ya ganda dogo la rangi ya kahawia mfano wa punje ya mpunga. Siku chache kisha huibuka nzi kamili mwenye mbawa. Mambo yote hayo huisha katika muda wa mwezi mmoja hivi, na jike mmoja aweza kutaga mamia ya mayai. Basi embe lililooza chini ya mti ni kizazi kizima kinachosubiri zamu, wala dawa ya kunyunyiza juu ya majani haikifikii.

Hasara yake si ya Mwaitu peke yake. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilijizuia kupeleka maembe katika masoko ya Ulaya kwa ajili ya nzi huyu, na mlango ule haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Kwa mkulima wa Matinyani, embe huiva Desemba, Januari na Februari, yaani wakati ule ule shule zinapofunguliwa na karo kudaiwa. Dalali akija akapasua maembe matatu na kukuta funza katika moja, huondoka na lori lake, au hutaja bei ya kukutoa machozi. Mwaitu alinionyesha kwa kidole nyumba ambazo watoto wake walirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Sikuandika hesabu, wala sikutaka.

Na hapo ndipo ninapokumbuka jambo lililonichoma zaidi. Ngowe hii inayozaa Ukambani asili yake ni pwani, na ile inayoitwa epuli ni ya upande wa Malindi. Miembe ya Kitui ni mabinti zetu walioolewa bara. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe tangu kabla Krapf hajakwenda kwao mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, na njia zile zile zikabeba nguo, shanga, mbegu na maneno. Tuliwapa mti, wakautunza kuliko sisi. Kisha tukawapa na mdudu wake.

Siku ya pili palikuwa na mkutano chini ya mwembe wa soko, na shauri lenyewe lilikuwa: ukatwe usikatwe? Mwenye duka mmoja, mtu wa maneno makali lakini ya haki, alisema yeye shambani kwake huokota kila embe linaloanguka. Huchimba shimo, hutungika mitego, na fedha zake humwishia humo. Lakini mwembe huu wa soko hauna mwenyewe. Maembe yake huanguka, hukanyagwa, huoza, na kila mwezi hutoa jeshi jipya linalokwenda moja kwa moja shambani kwake. “Mimi namfukuza mwizi mlangoni,” alisema, “nanyi mnamlea sokoni.” Akataka msumeno uletwe siku ile ile.

Vijana wa bodaboda walipiga kelele, maana kivuli kile ndicho afisi yao. Wazee wawili watatu wakanung’unika. Afisa wa kilimo aliyekuwapo akaeleza kwa utulivu kwamba kuukata mwembe mmoja hakutoshi, kwa sababu nzi huyu hachagui. Akikosa embe huhamia pera, papai, chungwa, hata tunda la mng’ongo wa porini. Ndipo Mwaitu akasimama, akiegemea jembe kama fimbo. Sikumbuki maneno yote, na Kikamba changu ni cha kuombea maji tu, lakini rafiki yangu alinifasiria hivi: “Mkiukata huu, kesho mtaukata wa shule, na kesho kutwa wa kanisa. Mkimaliza mtakaa juani, na nzi atakuwa kwenye mapera. Mti haukukosa. Aliyekosa ni yule aliyekula kivuli na asiinue tunda.”

Watu walicheka, lakini kicheko cha watu walioguswa. Ilikubaliwa mwembe upewe msimu mmoja. Wenye maduka washike siku zao za kuokota, bodaboda siku zao, na watoto wa shule siku ya soko. Shimo likachimbwa pale pale, na chupa mbili za mtego zikatungikwa matawini. Msimu ukiisha na hali ni ile ile, msumeno. Mwenye duka alisema ataunoa mwenyewe.

Mitego hiyo yahitaji maelezo kidogo, kwani ina harufu ya kwetu. Ni chupa ya plastiki iliyotobolewa, ndani yake pamba iliyotiwa mafuta maalumu na sumu kidogo. Mafuta yale ni ndugu wa karibu wa mafuta ya karafuu, na yamo pia katika aina fulani za mirehani. Madume wa nzi hawa wakiyanusa hupoteza akili kabisa, wakaingia chupani na kufa. Elimu hii si ya jana. Mwingereza mmoja aitwaye Howlett, akiwa India, aliandika mwaka 1912 juu ya nzi madume kuvutwa na mafuta ya jamii ya mchaichai, na miaka mitatu baadaye akayataja haya mengine. Katika kisiwa cha Rota, huko bahari ya Pasifiki, nzi huyu alimalizwa kabisa katikati ya miaka ya 1960 kwa njia ya kuwaua madume, na visiwa vya Okinawa vya Japani vikasafika kufikia mwaka 1986. Lakini hivyo ni visiwa, vimezungukwa na maji, na serikali zao zilimwaga chambo kila mahali, kwa mwenye shamba na asiye na shamba. Matinyani imezungukwa na majirani.

Kuna na chambo cha pili, cha kuwavuta majike, ambao huwa na njaa ya protini kabla ya kutaga. Kimoja katika hivyo hutengenezwa kwa hamira iliyobaki viwandani mwa pombe. Rafiki yangu alinitazama kwa jicho la uchokozi aliponieleza haya. Nilimwambia nzi hana madhehebu, ale atakacho afe.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoasisiwa na marehemu Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na ambacho makao yake ni Kasarani, Nairobi, kimefanya kazi kubwa katika jambo hili. Mwaka 2006 wataalamu wake walileta kutoka Hawaii nyigu mdogo mno, asiyeuma mtu, ambaye kazi yake ni kutafuta mayai ya nzi huyu ndani ya tunda na kutaga yake ndani ya yale. Hawaii wenyewe walifikiwa na nzi katika miaka ya 1940, wakamtafutia adui wake wa asili, na nyigu huyu akawa ndiye aliyewafaa kuliko wengine. Nyigu hao wameachiwa huru katika sehemu kadhaa za nchi yetu. Ndiyo maana wakulima hushauriwa wasinyunyize sumu ovyo, kwa kuwa sumu haijui nani askari nani mwizi. Wengine huyatia maembe mabovu ndani ya hema dogo lenye wavu juu: matundu ya wavu ni madogo kwa nzi asitoke, na makubwa kwa nyigu kupita. Nilipoelezwa habari ya hema hilo nilicheka kwa furaha, maana sijapata kusikia jela iliyojengwa kwa insafu namna ile.

Jioni ile, tukinywa chai, rafiki yangu aliniuliza swali. Anajua kwamba nilisoma chuoni kwa miaka mingi, na alipata kusikia kwangu kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. “Na nzi je, bwana?” aliniuliza. “Babu yako si anapata thawabu kwa kila funza?”

Nilimjibu kwa mzaha kwamba fungu hilo nitawapelekea masheikh. Lakini usiku sikulala vizuri. Embe linaloliwa na nzi juu ya mti wangu, tuseme ni langu, nimelisamehe. Lakini nzi anayetoka humo na kuruka ukuta hali tena changu. Anakula embe la mwenye duka, anakula karo ya mtoto wa watu. Sadaka haitolewi kwa mali ya jirani. Na tumesoma haki za jirani tangu tukiwa na mbao mikononi. Sikuwahi kufikiri kwamba haki hiyo inaweza kuwa chini ya mwembe, katika tunda bovu nililoliruka asubuhi nikienda kazini nikisema litajiozea lenyewe.

Walimu wa shule ya pale walinisikia kuwa ni mtunzi wakaniomba ubeti wa kuimbwa na watoto siku za kuokota. Nikawapa huu, nao sijui kama wameupenda au wameustahi uzee wangu:

Embe lililoanguka, chini usiliachie,
Lina wana wa kuruka, kesho wakushambulie,
Chimba shimo la hakika, dhiraa lifikilie,
Na jirani akicheka, lake umsaidie.

Nilirudi Mombasa na ndengu na chupa ya asali, zawadi za Mwaitu, ambazo alizikagua mbele yangu moja moja huku akitabasamu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuutazama mwembe wa babu kwa macho mapya, nikaona niliyoyaona. Kitu cha pili kilinishangaza zaidi. Mbele ya kibaraza chetu pana mkungu mkubwa, na mitaa mingi ya mji huu ina mikungu yake, miti ya kivuli ambayo hakuna aliyewahi kuishuku. Nimekuja kujua kwamba kungu ni katika matunda anayoyapenda sana nzi huyu. Maana yake, wakati ambapo hakuna embe, hapa mjini kwetu ana pa kulala na pa kula, bure, mpaka msimu urudi. Sisi wa mjini hatuna mashamba, basi tunadhani mambo haya ni ya wakulima.

Nilipopendekeza kwamba kungu zinazoanguka ziokotwe, wenzangu wa kibarazani waliniuliza kama Wakamba wamenilisha kitu. Mwingine alisema suluhisho ni kuukata mkungu, akazungumza kama yule mwenye duka, bila ya kuwa na hoja zake. Niliwakumbusha mipapai yao. Mwaka 2016 ulipoonekana hapa kwetu ule ugonjwa wa unga mweupe, ambao ni kidung’ata mgeni wa papai, tulikata mipapai tukaitupa mtaroni na vidung’ata vyake, vikaenda kwa wengine. Walinyamaza kidogo, kisha wakarudia kucheka.

Hapa kwetu ua ni saruji, shimo la dhiraa halichimbiki. Kwa hiyo kungu na maembe mabovu nayatia katika pipa la maji lenye kifuniko, yanakaa humo siku kadhaa hata funza wafe, ndipo nayatoa. Wajukuu wamepewa zamu. Wanalipwa kashata, na kwa ujira huo wanaokota hata kungu za mtaa wa pili.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinipigia simu. Msimu unakwisha. Zamu za kuokota zilikwenda vizuri mpaka shule zilipofunguliwa, kisha zikalegea, na kwa siku kumi hivi Mwaitu alikuwa akienda sokoni peke yake na jembe lake, hata vijana wa bodaboda wakaona haya wakamnyang’anya. Maembe ya mwenye duka mwaka huu yamekuwa na nafuu, lakini yeye mwenyewe hataki kusema ni kwa sababu gani, na mkutano wa kuamua haujaitwa. Mwembe umesimama, na chupa zake zimejaa.

Kisha simu akapewa mama. Alitaka kujua kama mwembe wa babu umetungikwa mitego. Nilimwambia miwili, na wa tatu uko juu ya mkungu.

“Na majirani?” aliuliza.

“Bado wanacheka, mama.”